Namna ya Kukipika Tena Chakula cha Baba, Pamoja na Makosa Yake

Wengi wanaojaribu kupika tena chakula alichokuwa akipika baba yao huishia na chakula kizuri kuliko kile, na hapo ndipo penye tatizo. Wanakata vitunguu vikalingana, wanapunguza moto kabla mafuta hayajatoa moshi, wanaongeza hiki na kile ili kinukie. Kinaiva vizuri, kinapendeza machoni, halafu ukitia kijiko cha kwanza mdomoni unakuta baba hayumo.

Niseme msimamo wangu mapema. Ladha ya chakula kile ilitokana na haraka yake, kikaango chake kimoja na vitu vilivyokuwa vimeisha ndani ya nyumba siku ile. Ukivirekebisha vyote hivyo, umepika chakula cha mtu mwingine. Kwa hiyo mwongozo huu unakufundisha kupika vibaya, ila kwa makini.

Sizungumzii mapishi ya sikukuu. Nazungumzia mlo wa siku ambayo mama hayupo au amechoka, au mlo wa kila siku katika nyumba ya baba na watoto peke yao: mayai na vitunguu vilivyobabuka, wali wa jana uliokaangwa, samaki wa kopo na mkate, tambi za pakiti zilizotiwa chochote kilichokuwepo. Kama baba yako alikuwa fundi wa jiko mwenye vipimo na daftari, una bahati, na sehemu kubwa ya maelezo haya haikuhusu.

Chagua chakula kimoja tu

Usianze na "mapishi ya baba" kwa jumla. Chagua sahani moja, na iwe ile ambayo ukiitaja mbele ya ndugu zako mtu anacheka kabla hujamaliza sentensi. Huo mcheko ni ushahidi kwamba kila mmoja anayo kumbukumbu yake. Kama chakula chenyewe kilikuwa na jina la nyumbani, lile la utani ambalo mgeni asingelielewa, litumie hilo hilo. Ukikiita "mayai ya kuvuruga" utaletewa maelezo ya mayai ya kila mtu.

Hoji mashahidi mmoja mmoja

Hatua hii ndiyo inayopuuzwa kuliko zote, nami naipa uzito kuliko hata upishi wenyewe.

Harufu ina njia yake ya mkato kwenye ubongo. Kabla ya kufika kwingine, habari zake huingia karibu moja kwa moja kwenye amigdala na hipokampasi, sehemu zinazoshughulika na hisia na kumbukumbu. Ndiyo maana harufu ya kitunguu kinachoungua nyumba ya jirani inaweza kukusimamisha njiani. Lakini kumbukumbu ya namna hiyo inakurudishia ile hali, haikuletei orodha ya viungo. Ukimuuliza mtu "baba alikuwa anatia nini?" atakujibu kwa kubahatisha, na atabahatisha kwa kujiamini kabisa.

Uliza badala yake mambo ambayo kumbukumbu huyashika vizuri zaidi: sauti, mpangilio, vyombo, lawama. Mayai yalipoingia kwenye kikaango yalilia au yalitulia? Alikoroga kwa uma, kijiko au mwiko? Alisimama pale jikoni mpaka mwisho, au alikuwa akienda kusikiliza taarifa ya habari na kurudi? Nini kiligandia chini, na nani alikikwangua? Tulikula kwenye sahani au kwenye kikaango hicho hicho? Nani alilalamika, na alilalamikia nini? Swali hili la mwisho lina faida kubwa, kwa sababu mtoto husahau kilichompendeza lakini hasahau kitunguu kibichi kilichomlia mdomoni.

Wahoji ndugu zako kila mmoja kivyake. Mkikaa pamoja, mwenye sauti kubwa ndiye atakayeshinda, na baada ya nusu saa wote mtakuwa mnakumbuka kumbukumbu yake. Tofauti zikijitokeza, usikimbilie kuamua nani mwongo. Kaka mkubwa anakumbuka jiko la zamani, kitinda mimba anakumbuka miaka ambayo baba alishaanza kuogopa chumvi. Inawezekana walikula vyakula viwili tofauti vyenye jina moja. Mama muulize mwisho, maana yeye atakueleza namna baba alivyopaswa kupika.

Baba akiwa hai, usimuombe vipimo kwa simu. Mazungumzo yataenda hivi:

"Baba, yale mayai ulikuwa unaanza na nini?"

"Na njaa."

"Na chumvi je?"

"Tia tu mwanangu, utaona mwenyewe."

Nenda ukasimame karibu naye. Nunua vitu wewe, mwache apike yeye, wala usimsahihishe. Kabla hajaanza, pima kwenye mizani ya jikoni chupa ya mafuta na kopo la chumvi. Akimaliza, pima tena. Tofauti ya uzito ndiyo kipimo chake halisi, hata kama mwenyewe ataapa kwamba ametia "kidogo tu". Rekodi video ya mikono yake, si ya uso, na uache simu ishike sauti pia. Sauti ya mafuta itakueleza ukali wa moto kuliko maelezo yoyote.

Kama ameshaondoka duniani, tafuta kikaango chake kabla hakijatupwa. Tazama picha za zamani zilizopigwa mezani, na macho yako yawe kwenye chupa, makopo na pakiti zilizoonekana nyuma ya watu.

Chombo na moto

Kikaango chepesi cha alumini hupata moto upesi na kupoa upesi, na mara nyingi huungua katikati wakati kingo bado zina uvuguvugu. Kile kizito cha chuma huchelewa, lakini kikishashika moto hakitetereki ukimwagia mayai. Kama baba alitumia cha alumini nawe unatumia cha chuma kizito, au kile cha kisasa kisichogandisha, hutapata yale madoa ya kahawia upande mmoja tu. Tafuta kinachofanana na chake kwa uzito na upana. Upana una maana kuliko unavyodhani: vitunguu vikibanana kwenye chombo chembamba hutoa maji na kuchemka badala ya kukaangika.

Moto wa baba wengi una kipimo kimoja, cha juu. Mwaka 1912 mkemia Mfaransa Louis-Camille Maillard alieleza mmenyuko kati ya sukari na amino asidi, yaani vijenzi vya protini, unaoleta rangi ya kahawia na harufu ya vitu vilivyokaangwa au kuokwa. Mmenyuko huo hushika kasi kwenye joto la kama nyuzi 140 za Selsiasi kwenda juu. Maji, kwa upande wake, huchemka kwenye nyuzi 100, kwa hiyo chakula chenye maji juu yake hakiwezi kuwa cha kahawia mpaka maji yale yaishe. Mtu mwenye haraka anayewasha moto wa juu kabisa anayamaliza maji upesi na kuifikia kahawia upesi, halafu anaipita. Harufu unayoikumbuka ipo pale anapoipita kidogo.

Fungua dirisha, washa moto, subiri mafuta yatetemeke juu. Yakianza kutoa moshi, tia kitu mara moja. Usiyaache yakatoa moshi mzito ukaenda zako. Mafuta yakishika moto, funika kwa kifuniko na uzime jiko, maji usiyaguse.

Mafuta

Siagi na majarini ya kawaida zina mafuta kama asilimia 80, na sehemu kubwa ya kilichobaki ni maji. Hayo maji ndiyo yanayorukaruka na kupiga kelele kikaangoni. Kama mashahidi wanakumbuka kelele nyingi mwanzoni kabisa, kabla kitu kingine hakijaingia, uwezekano mkubwa alianza na mojawapo ya hizo, si mafuta ya maji.

Kuna kikwazo kimoja kisichotatulika. Majarini nyingi za zamani zilitengenezwa kwa mafuta yaliyogandishwa nusu kwa haidrojeni, yale yenye mafuta ya transi yanayodhuru moyo. Denmaki iliyawekea kikomo mwaka 2003, Marekani ikayaondoa kuanzia 2018, na nchi nyingine nyingi zimefuata. Kwa hiyo hata ukinunua kopo la jina lile lile, kilichomo huenda si kile. Kubali upungufu huo na uendelee.

Kitunguu

Ukitaka kujua kama mtu amepika chakula cha baba yake, mtazame anavyokata kitunguu.

Baba yangu hakutumia ubao. Alishika kitunguu kwenye kiganja cha kushoto juu kabisa ya kikaango, akakichanja kwa mistari upande mmoja, akakizungusha na kuchanja tena, halafu akavuta kisu kukielekea kidole gumba. Vipande vilianguka moja kwa moja kwenye mafuta. Vile vya kwanza vilikuwa vimeshageuka rangi wakati vya mwisho vingali mkononi. Kile kipande cha mwisho kabisa, karibu na shina, alichoka nacho. Kilidondoka kizima, kinene kama kidole, na kikabaki hivyo hadi mezani.

Hesabu kilichomo ndani ya kikaango hicho: vipande vyembamba vilivyoungua na kuwa vichungu, vya katikati vilivyolainika na kuwa vitamu, na vinene ambavyo bado vinalia chini ya meno. Ni ladha tatu kutoka kitunguu kimoja. Mpishi hodari anayekata vipande sawasawa anapata moja. Kwa hiyo usivilinganishe. Sishauri ukate mkononi kama hujazoea, kisu hakina huruma na kidole gumba. Tumia ubao, lakini kata theluthi moja nyembamba sana, theluthi nyingine ya kawaida, iliyobaki vipande vikubwa. Tia vyembamba kwanza, vingine baada ya dakika moja, vinene mwisho.

Usishawishike na ushauri wa kukaanga kitunguu kwa moto mdogo nusu saa au zaidi mpaka kiwe kitamu kama asali. Ushauri ni sahihi, ila hakuna baba mwenye watoto wanaolia njaa aliyewahi kuufuata. Dakika nne au tano kwa moto mkali, basi.

Mayai, hatua kwa hatua

Chukua mayai 3, kitunguu kimoja kikubwa, mafuta vijiko viwili vya chakula na chumvi robo kijiko cha chai. Chumvi hiyo ni ya kuanzia. Utaipandisha baadaye ukiona inahitajika.

1. Kaanga kitunguu kama nilivyoeleza, moto wa juu, mpaka vile vyembamba viwe na kingo nyeusi.
2. Vunja mayai moja kwa moja kwenye kikaango, juu ya vitunguu. Usiyapige kwenye bakuli, isipokuwa mashahidi wamesema alikuwa akipiga.
3. Hesabu polepole hadi kumi bila kugusa kitu.
4. Nyunyiza chumvi sasa, na iangukie upande mmoja zaidi.
5. Koroga mara mbili au tatu kwa uma, ukikwangua chini, kisha uache tena mpaka usikie sauti inabadilika kutoka kulia hadi kukwaruza.
6. Epua. Ipeleke mezani katika kikaango.

Ute mweupe huanza kushikana kwenye joto la kama nyuzi 62, kiini kati ya 65 na 70. Kikaango chenye mafuta yanayokaribia kutoa moshi kiko mbali sana juu ya hapo, hivyo mayai hayaivi kwa pamoja: chini yanakuwa ya kahawia na magumu huku juu bado yanateleza. Ukivunja bila kupiga, utapata pia vipande vyeupe peke yake na vya njano peke yake. Hayo mabaka ndiyo sahani yenyewe. Kwa mtoto mdogo, mjamzito au mgonjwa, acha mpaka pasibaki ute unaotembea.

Kiporo cha wali

Wali uliopoa unakaangika kuliko wa moto kwa sababu wanga wake hujipanga upya na kukaza unapopoa, punje zikaachana. Ukipika wali leo ili uukaange leo, utapata ujiuji wenye mafuta.

Hapa, lakini, nakuomba usimfuate baba. Wali ulioachwa juu ya jiko usiku kucha ulikuwa jambo la kawaida katika nyumba nyingi, na wali huo unaweza kubeba bakteria aitwaye Bacillus cereus. Mbegu zake hustahimili kuchemshwa, na sumu mojawapo anayoitoa haiondoki hata ukaukaange upya. Upoze wali upesi, ikiwezekana ndani ya saa moja, uweke kwenye friji na uule kesho yake. Ladha haipungui.

Kaanga kitunguu, mwaga wali, ukandamize kwa mgongo wa mwiko, uache. Wengi wanakoroga bila kupumzika, kisha wanashangaa ukoko hautokei. Ukoko unataka kuachwa peke yake dakika tatu au nne. Usikilize: ukianza kupasuka kwa sauti ndogo kavu, geuza. Na uwahesabu walaji kabla ya kugawa, kwa sababu ukoko ndio utakaogombewa.

Samaki wa kopo

Hapa ni kazi fupi. Samaki hawa huiva ndani ya kopo lililofungwa, kwa joto la mvuke wenye shinikizo, ndiyo maana hata miiba yao inatafunika. Hawahitaji kupikwa, wanahitaji kupashwa tu. Unga vitunguu na nyanya, mimina samaki pamoja na mchuzi wao, uvunjevunje mara moja, zima. Ukiwakoroga sana watakuwa uji. Kopo lililovimba au linalotoa hewa ya ajabu likifunguliwa, tupa bila kuonja.

Kama kumbukumbu yenu ina baba akifungua kopo kwa kisu na kitu cha kugongea, jueni alikuwa kwenye mila ya zamani. Makopo ya bati yalipewa hataza Uingereza mwaka 1810, na kifungulia kopo maalumu hakikuja mpaka miaka ya 1850. Katikati ya hapo watu walitumia patasi na nyundo.

Tambi za pakiti

Momofuku Ando alizianzisha Japani mwaka 1958, na siri yake ilikuwa kuzikausha kwa kuzikaanga kwenye mafuta, zikabaki na vitundu vidogo vinavyonyonya maji ya moto haraka. Baba huzipika kwa moja ya njia mbili: maji mengi mno zikawa supu, au maji machache mno zikawa donge. Waulize ndugu zako ilikuwa ipi, kisha fanya hiyo hiyo kwa kupima maji kwa kikombe. Yai likiwepo, liliingia mwisho na kuacha nyuzi nyeupe kwenye mchuzi.

Chumvi na kile kidonge cha mchuzi

Mwaka 1908 Kikunae Ikeda, mkemia wa Tokyo, alitambua kwamba glutamati ndiyo inayoleta ile ladha ya tano, ya mchuzi uliokolea. Vidonge vya kuungia mchuzi vimejaa kitu hicho, na katika vingi karibu nusu ya uzito wake ni chumvi. Kama baba alikuwa na pakiti ya vidonge kwenye rafu, inaelekea alitumia kidonge pamoja na chumvi, si badala yake.

Watoto hupenda chumvi na sukari nyingi kuliko watu wazima, kwa hiyo kumbukumbu yako ya utotoni imeegemea huko. Chakula kikikaribia lakini kikakosa kitu usichoweza kukitaja, jaribu kwanza chumvi kidogo, kisha chembe ya sukari au sosi ya nyanya, kabla ya kufungua kabati la viungo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, na kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa kinazifikia. Basi sahani hii iwe ya mara moja moja, kama ilivyokuwa.

Kuonja bila kujidanganya

Pua inayokaa jikoni huzoea harufu na kuacha kuisikia. Mpishi ndiye mtu wa mwisho anayeweza kusema kama chakula kinanukia kama zamani. Ukimaliza, toka nje kama dakika kumi, kisha uingie kwa mlango ambao ulikuwa ukiingia ukiwa na njaa. Bora zaidi, apike ndugu yako, wewe ufike baadaye.

Ukirudia, badilisha kitu kimoja tu kila mara. Ukibadilisha mafuta, chombo na chumvi kwa pamoja na kikatoka sawa, hutajua ni kipi kilichokileta.

Wala usile umeshiba. Baba alichelewa kuanza, akachelewa kumaliza, na njaa ya watoto ilikuwa nusu ya mapishi yake. Panga kula saa moja baada ya muda wako wa kawaida. Mkate ukatwe vipande visivyolingana. Kama mlikula kwenye kikaango kilichowekwa juu ya gazeti, tandika gazeti.

Kuandika

Andika siku ile ile, kwa maneno ya nyumbani kwenu, na makosa uyaandike kama viungo, katika nafasi yake: "kitunguu, theluthi moja iungue", "chumvi upande mmoja", "ondoka jikoni dakika mbili". Ukiviweka pembeni kama vichekesho, atakayepika baada yako ataviruka. Weka pia majina ya waliokumbuka tofauti na walichokumbuka: "Dada anasema kulikuwa na nyanya, kaka anakataa." Mpelekee kila ndugu nakala, na uache nafasi tupu chini. Baba akiwa hai, yeye apelekewe wa kwanza, na kalamu nyekundu juu yake.